Bustani ya Agosti 7: Historia ya Kiwanja Kimoja cha Nairobi

Katika mji wa Nairobi, pale barabara ya Moi ikutanapo na barabara ya Haile Selassie, pana bustani ndogo iliyozungushiwa ua. Ndani yake mna nyasi, miti, mabenchi, chemchemi ya maji, na ukuta ulioandikwa majina ya watu. Mchana makarani huingia humo kupumzika, wanafunzi huketi kivulini wakisoma, na wazee hukaa wakitazama wapitao. Mgeni asiyeambiwa lolote angeweza kudhani kuwa ni bustani kama nyingine za miji, iliyopandwa ili watu wapate hewa na kivuli. Lakini hapo ndipo liliposimama jengo la ubalozi wa Marekani hata siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka na kuua watu 213.

Kiwanja kilichomwagika damu kikigeuzwa bustani, watu husema kwamba kimerudishwa. Neno hilo ni jema, ila halijakamilika. Kwa maana kila kilichorudishwa hurudishwa kwa mtu fulani, na yafaa kuuliza ni nini hasa kilichorudi, na kwa nani. Historia ya bustani hii yaonyesha kwamba ardhi yaweza kurudi mikononi mwa wenyeji huku jambo lingine, lililo kubwa kuliko ardhi, likibaki nje ya lango.

Mahali penyewe

Nairobi si mji wa kale. Jina lake latokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni maji ya baridi. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na mji ukakua kwa kuizunguka stesheni. Kwa hiyo upande huo wa mji, ulio karibu na reli, ni miongoni mwa sehemu zake za mwanzo kabisa. Barabara mbili zinazokutana penye bustani zilipewa majina ya wenye kutawala: moja iliitwa barabara ya Serikali, na ya pili iliitwa kwa jina la George Whitehouse, mhandisi mkuu aliyesimamia ujenzi wa reli ya Uganda. Baada ya uhuru majina hayo yakabadilishwa. Ya pili ikapewa jina la Mfalme wa Wahabeshi, na ya kwanza ikapewa jina la Daniel arap Moi, aliyeshika urais mwaka 1978.

Majina yalibadilika, lakini kazi ya mahali haikubadilika. Pembe hiyo iliendelea kuwa mapito ya watu wengi. Atokaye stesheni ya reli, ashukaye basi, aendaye kazini katika viwanda vya upande wa mashariki na arudiye kutoka huko, wote walipita hapo. Kando ya ubalozi lilikuwapo jengo la Ufundi, lenye ofisi na chuo kilichofundisha kazi za ukatibu. Na nyuma yake lilikuwapo jengo refu la Benki ya Ushirika. Ubalozi haukuwa peke yake nyuma ya bustani pana, kama zilivyo balozi nyingi. Ulikuwa umesimama katikati ya umati, hatua chache tu kutoka njiani.

Jambo hilo halikuwa siri. Balozi wa wakati huo, Prudence Bushnell, alikwisha kuiandikia serikali yake kwamba jengo halikuwa salama, akaomba lijengwe jingine. Kanuni za Marekani zenyewe zilitaka jengo la ubalozi liwe mbali na barabara kwa futi 100, na jengo la Nairobi halikuitimiza kanuni hiyo. Halmashauri iliyoongozwa na William Crowe, iliyotoa taarifa yake Januari 1999, haikumwona ofisa yeyote mmoja kuwa ndiye mwenye hatia ya uzembe; ililaumu mfumo mzima wa serikali ulioyaacha majengo ya namna hiyo bila fedha za kuyalinda.

Siku ya mlipuko

Yapata saa nne u nusu asubuhi, lori lililobeba baruti lilifika nyuma ya ubalozi na kutaka kuingia palipoegeshwa magari. Walinzi wa langoni, Wakenya wasio na silaha, walikataa kuinua kizuizi. Waliokuja na lori wakarusha guruneti na kufyatua risasi. Watu waliokuwa katika majengo ya jirani waliposikia kishindo hicho cha kwanza, walifanya afanyavyo kila mtu: waliinuka wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Kisha bomu likalipuka. Vioo vya madirisha vikawarukia usoni, na wengi wao hawakuona tena maishani mwao.

Jengo la Ufundi liliporomoka lote na kuwa kifusi. Jengo la Benki ya Ushirika lilibaki limesimama bila vioo. Magari yaliyokuwa njiani yaliungua pamoja na abiria wake. Karibu na saa hiyo hiyo bomu jingine lililipuka katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, katika mtaa wa Oysterbay. Huko walikufa watu 11, na wengine zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Idadi haikupanda kama ya Nairobi kwa sababu mtaa ule ni wa makazi yaliyotawanyika, na kwa sababu gari la maji lilikuwa limesimama baina ya lori la baruti na jengo, likapokea sehemu ya nguvu za mlipuko. Miji miwili, siku moja, adui mmoja. Lakini tofauti ya mahali ndiyo iliyofanya tofauti ya vifo.

Idadi ya Nairobi yafaa itazamwe kwa makini, kwani ndani yake imo kesi nzima. Katika hao 213 waliokufa, wafanyakazi wa ubalozi walikuwa 44: Wamarekani 12 na wenyeji 32. Waliosalia, watu 169, hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi. Walikuwa wapita njia, makarani wa ofisi za jirani, wanafunzi wa ukatibu, abiria wa basi. Waliojeruhiwa walizidi 4,000, na wengi mno kati yao walikuwa wa kundi hilo la pili. Vita havikuwa vyao, na kosa lao lilikuwa kupita tu.

Siku zilizofuata zimebaki katika kumbukumbu za Wakenya kwa mambo mawili. La kwanza ni jinsi watu wa kawaida walivyoukimbilia moshi badala ya kuukimbia, wakafukua kifusi kwa mikono na kuwachukua majeruhi katika magari yao, na wengine wakapanga foleni hospitalini kutoa damu. La pili ni habari ya mwanamke mmoja aliyefunikwa na kifusi cha Ufundi. Sauti yake ilisikika, na waokoaji walizungumza naye wakimtia moyo kwa siku kadhaa, na nchi nzima ikawa yangoja. Walipomfikia alikwisha kufa. Mpaka leo wako wasiokumbuka idadi ya waliokufa, lakini humkumbuka mwanamke huyo.

Kiwanja kuwa bustani

Mabaki ya majengo yalipobomolewa na kuondolewa, palibaki uwazi katikati ya mji, na uwazi katikati ya mji haukai bure. Nairobi ni mji ambao ardhi yake hugombewa. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na ni upinzani wa Wangari Maathai na wenziwe uliookoa bustani ile. Kwa hiyo si jambo dogo kwamba kiwanja hiki, kilicho pahali penye thamani kubwa kwa biashara, hakikujengwa ofisi wala maduka. Mtu angeweza pia kushauri kwamba magofu yaachwe kama yalivyo, ili ubaya uonekane; lakini mji wenye haja ya kupita hapo kila siku hauwezi kuishi na magofu mlangoni pake. Ikachaguliwa njia ya tatu, nayo ni bustani.

Bustani ilifunguliwa rasmi tarehe 7 Agosti 2001, miaka mitatu kamili baada ya mlipuko, ikawekwa chini ya wadhamini. Ukajengwa ukuta wa majina ya waliofariki. Ikasimamishwa sanamu iliyoundwa kwa vipande vilivyookotwa katika kifusi, ili kile kilichoharibika kisipotee chote. Baadaye ikaongezwa nyumba ya maonyesho, ambamo vijana wasiokuwapo mwaka 1998 huelezwa yaliyotokea. Ubalozi wenyewe ulihamia Gigiri, nje ya katikati ya mji, katika jengo lililofunguliwa mwaka 2003 lenye eneo pana kulizunguka. Hivyo nafasi iliyokosekana kati ya jengo na njia ilipatikana hatimaye, lakini kwingine. Na mahali pa zamani, penye umati, pakaachiwa umati.

Tangu hapo bustani imekuwa na kazi mbili ambazo hazipatani daima. Kwanza ni kaburi la heshima, ijapokuwa hakuna aliyezikwa humo. Pili ni mahali pa kupumzikia katika mji wenye vivuli vichache. Wako waliofiwa wanaochukizwa kumwona mtu amelala usingizi karibu na ukuta wa majina. Lakini hoja hiyo yaweza kugeuzwa: waliokufa hapo wengi wao walikuwa watu wa namna hiyo hiyo, walioshuka kutoka basi na kupita njia, na hakuna awezaye kuwakilisha maisha yao kuliko karani aliyeketi hapo saa ya chakula cha mchana.

Lililozusha ubishi zaidi ni lango. Aingiaye hutozwa ada ndogo. Wanaoitetea husema kwamba bustani isiyo na fedha hufa: nyasi hukauka, vyoo huharibika, na usalama hupotea, na bustani nyingine za mji zimeonyesha kwamba hofu hiyo si ya bure. Wanaoipinga husema kwamba si haki kumtoza mtu fedha ili asome jina la mamaye. Pande zote mbili zina ukweli, na jibu lategemea swali jingine, yaani bustani hii ipo kwa ajili ya nani. Swali hilo lajibiwa kwa sehemu na lugha yenyewe.

Maneno ya ukumbusho

Kitenzi kumbuka huzaa kumbusha, na kumbusha huzaa ukumbusho. Kumbusha ni kitenzi cha kutendesha, nacho hakiwezi kusimama bila mtu wa pili: lazima awepo anayekumbusha na anayekumbushwa. Mama aliyepoteza mwana katika jengo la Ufundi hana haja ya kukumbushwa. Yeye anakumbuka tu, apende asipende. Anayehitaji kukumbushwa ni yule apitaye njia, kijana aliyezaliwa baadaye, na mwenye mamlaka aliyesahau. Kwa hiyo, kwa maana ya jina lake, bustani ya ukumbusho ipo hasa kwa ajili ya mpita njia; na kila kimzuiacho mpita njia, hata kikiwa kidogo, hupunguza kazi ya bustani. Haifuati kwamba ada ni dhambi. Yafuata kwamba gharama ya kutunza ukumbusho ingefaa ibebwe na wale waliokuwa na wajibu wa kukumbuka, kuliko na yule anayekumbushwa.

Neno la pili ni mhanga. Kamusi hulipa maana ya mnyama achimbaye mashimo usiku, na pia maana ya mtu au kitu kilichotolewa sadaka. Waliouawa huitwa wahanga wa ugaidi. Lakini mtu ajilipuaye ili kuua wengine naye husemwa kuwa amejitoa mhanga. Hivyo neno moja limewafunika muuaji na aliyeuawa, na habari moja ya redio yaweza kulitumia kwa wote wawili bila msomaji wa habari kushtuka. Tofauti iliyobaki ni ya kitenzi peke yake: mmoja alijitoa, mwingine alitolewa. Ni tofauti nyembamba kwa jambo zito namna hiyo, na wenye kutunga istilahi wangefanya vema kuitazama tena.

La tatu laonekana ukilinganisha Kenya na Tanzania. Katika Kenya waliopatwa na msiba huu huitwa waathiriwa. Katika Tanzania husikika zaidi waathirika. Mwanafunzi wa sarufi ajua tofauti baina ya kikombe kimevunjwa na kikombe kimevunjika. Kikivunjwa, yupo aliyekivunja, hata asipotajwa. Kikivunjika, kimevunjika tu. Asemaye waathirika hana nia ya kumficha mtenda, kwani mazoea ya lugha hayana hila. Hata hivyo, kwa watu waliodhuriwa kwa makusudi, umbo la kutendwa ndilo lisemalo kweli kamili: walitendwa, na mtenda yupo.

La nne ni manusura. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mtu aliyesaidiwa au aliyepewa ushindi. Katika Kiswahili limekuja kuwa jina la aliyeponea chupuchupu. Manusura wa Agosti 7, kwa maana hii ya pili, ni maelfu. Je, ni manusura kwa maana ile ya kwanza? Hapo historia ya bustani yatoka nje ya ua wake na kuingia mahakamani.

Madai yaliyosalia

Kuhusu waliotenda, sheria ilifanya kazi yake kwa kiasi. Watu wanne walipatikana na hatia mjini New York mwaka 2001 na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, aliuawa Pakistan tarehe 2 Mei 2011. Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro aliyetuhumiwa kuwa mpangaji mkuu wa shambulio, aliuawa Mogadishu mwezi uliofuata.

Kuhusu waliotendwa, mambo hayakuwa sawa. Sheria ya Marekani iruhusuyo kuishtaki nchi iliyowasaidia magaidi huwafungulia mlango raia wa Marekani, askari wake, na waliokuwa waajiriwa wa serikali yake. Kwa njia hiyo familia za wafanyakazi wa ubalozi, Wamarekani na Waafrika, ziliweza kudai. Mwaka 2020 Sudan, iliyokuwa imempa Osama bin Laden makao katika miaka ya 1990, ilitoa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulio ya 1998 na mengine, ili iondolewe katika orodha ya nchi zisaidiazo ugaidi. Na mwezi Desemba mwaka huo ikaondolewa. Lakini mpita njia wa Nairobi hakuwa raia wa Marekani wala mwajiriwa wake. Karani wa jengo la jirani aliyepofushwa na kioo, na mzazi wa mwanafunzi wa ukatibu, walibaki nje ya mlango huo. Misaada ya matibabu, ya karo na ya ujenzi ilitolewa katika miaka ya mwanzo, na haifai kubezwa. Ila msaada hutegemea hiari ya mtoaji, na fidia ni haki ya mdai. Madai ya watu hawa yamefikishwa mbele ya Bunge la Kenya, na wengi wao wamezeeka wakiyangoja.

Yafaa basi kurudi kwenye ukuta. Ukutani jina la mtu ni jina la mtu, wala halimwulizi msomaji kama mwenyewe aliajiriwa na nani. Mahakamani waliokufa siku moja, kwa bomu moja, mahali pamoja, wamegawanywa mafungu mawili kwa mujibu wa mshahara wao. Ukuta umesema jambo moja na sheria imesema jingine, na umbali kati yao ndio kipimo cha kile ambacho hakijarudishwa.

Haya hayapunguzi sifa ya bustani. Kukiokoa kiwanja kisimezwe na biashara, kupanda miti juu ya majivu, na kumpa mtu wa kawaida mahali pa kuketi pale mtu wa kawaida alipouawa, ni kazi iliyofanywa vizuri, na miji mingi haikuiweza. Hatari iko kwingine: kwamba uzuri wa mahali uwatulize wenye wajibu, wakaihesabu bustani kuwa ndiyo malipo. Bustani ni ukumbusho, si malipo. Na kumkumbusha mwenye deni ni kumwambia kwamba deni lipo.

Kila mwaka, tarehe 7 Agosti, watu hukusanyika hapo, majina hutajwa, na mashada ya maua huwekwa ukutani. Shughuli ikiisha lango hufunguliwa kama kawaida, na makarani huingia tena kutafuta kivuli.